Naomba ushauri: kidhibiti cha mkononi cha mashine ya CNC (inayoongozwa na kompyuta), nirekebisheni mpango kabla sijanunua vifaa

Randa_na_Msumeno
Habari wakuu. Mashine ni ruta ya mihimili mitatu, meza ya 600 × 900 mm. X na Y zinaendeshwa kwa mkanda wa GT2 na puli ya meno 20, Z ina skrubu ya T8 inayosogea 8 mm kwa mzunguko. Mota ni za digrii 1.8 kwa hatua (hatua 200 kwa mzunguko), draiva za X na Y zimewekwa 1/16, yaani kila hatua inagawanywa mara 16, ya Z 1/8. Kontrola ni Arduino Uno yenye GRBL 1.1 (programu inayopokea amri na kuendesha mota), spindo (mota inayozungusha kisu) inaendeshwa na inverta, kifaa kinachodhibiti kasi yake.

Nataka kidhibiti cha kushika mkononi ili niweze kugusisha kisu kwenye mbao nikiwa nimeinama pale pale, si kwenye kibodi. Mpango wangu:

- enkoda (kihisi cha mzunguko) ndogo ya KY-040 kama gurudumu
- ESP32 (mikrokontrola yenye redio) na betri, bila waya
- kitufe chekundu cha dharura kinachotuma 0x18 (amri ya kuweka upya) kwa GRBL
- swichi ya kuchagua mhimili, na nyingine ya kuchagua 0.001, 0.01 au 0.1 mm kwa kila "tik" ya gurudumu
- sanduku la kuchapisha kwa PLA, sumaku nyuma

Je, enkoda hiyo inatosha? Na GRBL itapokea vipi amri zangu wakati kompyuta nayo imeunganishwa? Baadaye nitahamia LinuxCNC (programu ya kuendesha mashine moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta), hivyo nisingependa kuunda mara mbili.

fundi_umeme
Mkuu, naanza na kitufe chekundu kwa sababu hapo ndipo mpango wako una hatari. 0x18 ni ombi kwa programu. Likikwama kwenye USB, au kelele za umeme za inverta zikiangusha seriali (njia ya data), au betri ikiisha, hakuna kitakachosimama, nawe utakuwa umebonyeza ukiamini mashine imezimwa.

Kitufe cha dharura kinakata umeme kwa waya. Chukua uyoga mwekundu juu ya bamba la njano, unaojifunga ukibonyezwa, wenye kontakti mbili za NC (zinazopitisha umeme mpaka kitufe kibonyezwe). Kila kontakti inapita njia yake kwenye relei ya usalama ya 24 V, na relei ndiyo inayoshikilia kontakta, swichi kubwa inayokata umeme wa mashine. NC maana yake waya ukikatika au plagi ikichomoka, matokeo ni yale yale ya kubonyeza. Ukitumia NO (kinyume cha NC), waya uliokatika unabaki kimya mpaka siku unapouhitaji. Pia kukizungusha kitufe kirudi juu kusiwashe mashine. Kuwe na kitufe kingine cha kuanzisha kilicho kwenye mashine yenyewe.

Fikiria na kinachotokea baada ya kukata. Spindo inayopoteza umeme huendelea kuzunguka kwa kasi yake yenyewe. Kama inverta yako ina breki, ipe kwanza amri ya kusimama, kisha relei ya kuchelewesha ikate umeme. Kichwa cha Z kikiwa kizito kinaweza kushuka mota zikizimwa, kwa hiyo jaribu kwanza bila kisu.

Ukisisitiza bila waya, basi kitufe cha kwenye kidhibiti kisiwe chekundu-njano. Kiite "simama", kipe rangi nyingine, na cha dharura halisi kibaki kwenye fremu ya mashine. Uyoga mwekundu usiounganishwa na chochote unamdanganya mtu atakayeukimbilia.

Mhimili_Z
Kuhusu enkoda: KY-040 ni ya kontakti za kugusana na ina "tik" 20 tu kwa mzunguko. Kontakti hizo hurukaruka kila zinapofunga, ukizungusha haraka inahesabu zaidi au inarudi nyuma. Kapasita ya 100 nF na rezista za 10 kΩ hupunguza tatizo lakini pia huzuia kasi. Inafaa kwa menyu ya skrini, haifai kusogeza kisu.

Nunua gurudumu la CNC lenye mipigo 100 kwa mzunguko, la mwanga, kipenyo cha 60 mm. Chagua lenye matokeo pacha, yaani kila ishara na kinyume chake: A, A kinyume, B, B kinyume. Angalia volti yake kabla ya kulipa, kuna ya 5 V na kuna ya 12–24 V. Kumbuka mipigo 100 hutoa mabadiliko 400 ya A na B kwa mzunguko, yaani manne kwa kila "tik". Usipogawa kwa nne, kisu kitakwenda mara nne ya ulichokusudia. Na sifuri ya hesabu iwekwe gurudumu likiwa limetulia kwenye "tik", la sivyo litakuwa kwenye mpaka wa mgao na namba itacheza juu chini bila kuguswa.

Sasa hatua zako. 200 × 16 ni hatua 3200 kwa mzunguko, puli ya meno 20 ya GT2 inasogeza 40 mm. Hiyo ni hatua 80 kwa milimita, hatua moja ni 0.0125 mm. 0.001 kwenye X na Y haipo. Utazungusha "tik" kadhaa hakuna kitu, kisha mashine iruke. Z yako ni 1600 kwa 8 mm, hatua 200 kwa milimita, yaani 0.005. Weka 0.01, 0.1 na 1 mm. Hiyo ya 1 mm itakuhitaji ufikirie kasi: "tik" 20 tu kwa sekunde tayari ni 1200 mm kwa dakika.

Nati_na_Bolti
GRBL kwenye Uno ina mlango mmoja wa seriali. Kompyuta na kidhibiti vikiandika kwa pamoja, majibu ya "ok" yanachanganyika, na programu ya kompyuta inapoteza hesabu ya nafasi iliyobaki kwenye bafa (hifadhi ya muda ya amri). Una njia tatu. Kidhibiti kiunganishwe na kompyuta, nayo programu inayotuma kazi ndiyo iongee na GRBL. Au uhamie grblHAL (toleo jipya la GRBL) kwenye bodi yenye mlango wa pili wa seriali. Ina hali maalumu ya kidhibiti, inayobadilishwa kwa baiti 0x8B. Au FluidNC (programu ya aina hiyo hiyo) kwenye ESP32, nayo hukubali mlango wa pili. Kwa kuwa Uno unayo tayari, anza na ya kwanza.

Vitufe vitatu havihitaji seriali kabisa. Kwenye Uno, A0 ni kuweka upya, A1 kusitisha mwendo, A2 kuendelea. Viunganishe moja kwa moja hadi ethi ya bodi, lakini kila mmoja uwekewe rezista ya nje ya kuvutia juu na kapasita ya 100 nF karibu na bodi, maana rezista ya ndani ni dhaifu na waya mrefu hunasa kelele.

Kusogeza: usitume mstari mmoja kwa kila "tik". Kusanya "tik" za milisekunde 50, kisha tuma mstari mmoja, mfano

`$J=G91 G21 X1.0 F1200`

Hapo ni "tik" 10 za 0.1 mm ndani ya milisekunde 50, ambayo ni 20 mm kwa sekunde, ndiyo F1200. F ni kasi kwa mm kwa dakika, iendane na kasi ya mkono. Subiri "ok" kabla ya mstari unaofuata na usiache zaidi ya miwili au mitatu njiani.

Jambo linalowasumbua wengi ni mkono kusimama na mashine kuendelea. Mkono ukienda mizunguko 5 kwa sekunde kwenye 0.1, unaomba 3000 mm kwa dakika. Mashine ikiwa na uwezo wa 1500, nusu ya safari inarundikana kwenye foleni, na kisu kinaifuata baada ya wewe kuacha. Dawa: kwenye 1 na 0.1, gurudumu likinyamaza milisekunde 100, tuma 0x85 (amri ya kughairi usogezaji). Mashine inapunguza mwendo na kufuta foleni. Kwenye 0.01 usitume, kwa sababu pale unataka kila "tik" itimie. Baada ya 0x85 soma nafasi upya kwa "?", usiamini hesabu yako.

Randa_na_Msumeno
Asanteni sana, nimefuta KY-040 na redio. Sasa waya: nikihesabu naona nyingi mno. Gurudumu 6, mihimili, hatua, dharura 4, taa. Nifanyeje kebo isiwe nene kama mkono wa jembe?

fundi_umeme
Weka mikrokontrola ndani ya kidhibiti. Inasoma gurudumu na swichi zote, kisha inatuma kwa RS-485, njia ya data ya waya mbili inayostahimili kelele. Waya zinabaki 8: data 2, umeme 2, dharura 4. Plagi ya GX16 ya pini 8 inatosha, na upande wa kompyuta kibadilishi cha USB kwenda RS-485. Dharura iwe 24 V tu, usipitishe umeme wa ukutani mkononi mwa mtu.

Kebo iwe ya nyuzi nyingi laini, jozi zilizosokotwa, yenye wavu wa kinga. Kebo ya mtandao ya waya mmoja mgumu hukatika ndani kwa kukunjwa. Data ichukue jozi moja. Usigawe nusu kwenye jozi ya umeme. Wavu uunganishwe na ethi upande wa mashine tu, na kebo isipite sambamba na waya za spindo. Rezista ya 120 Ω kila mwisho.

Unene wa waya za umeme: nambari 28 AWG ina takriban 0.21 Ω kwa mita. Kwa kebo ya 5 m, kwenda na kurudi ni 10 m, skrini na gurudumu vikila 200 mA unapoteza zaidi ya 0.4 V. Tumia 24 AWG, au peleka 12 V na ushushe hadi 5 V ndani ya kidhibiti.

ESP32 haivumilii 5 V kwenye pini. Gurudumu la 5 V lipitie kipokezi cha matokeo pacha kama AM26LS32, halafu kigawanyi cha 10 kΩ na 20 kΩ kwa kila njia. Kwa RS-485 chukua MAX3485 ya 3.3 V, si MAX485.

Kona_ya_Mviringo
Sanduku: PLA hulainika karibu na 60 °C, tumia PETG, ukuta 3 mm, na nati za shaba za M3 zilizoyeyushwa ndani. Tundu la kitufe cha dharura ni 22 mm. Kikiwa kikubwa mno kuna cha 16 mm. Kiweke juu kabisa, gurudumu chini ambapo kidole gumba kinalifikia. Sumaku iache: hukusanya vumbi la chuma ambalo baadaye huingia kwenye swichi. Weka ndoano.

Ongeza kitufe cha kuruhusu ubavuni, pale vidole vinaposhika. Kisiposhikwa, gurudumu halifanyi kitu. Kidhibiti kikianguka sakafuni na gurudumu likizunguka, mashine haisogei. Kipo cha nafasi tatu, ambacho pia hukata ukikibana kwa nguvu kama mtu aliyeshtuka, ndicho bora.

Swichi ya mhimili ikibadilishwa, tupa "tik" zote zilizokusanyika na usikubali mpya mpaka gurudumu litulie milisekunde 200. Nafasi ya kwanza iwe "ZIMA", na kutosoma nafasi yoyote kuhesabike kama ZIMA.

Mhimili_Z
Kwa LinuxCNC: kuanzia toleo la 2.8 unganisha sehemu zote mbili, `joint.0.jog-counts` na `axis.x.jog-counts`, pamoja na jog-enable na jog-scale zake. Ukiunganisha joint peke yake, gurudumu litafanya kazi kabla ya kutafuta nyumbani (mashine kupata sifuri yake), kisha litakufa, na utadhani waya umekatika. `jog-vel-mode` ikiwa 1, mwendo husimama mkono ukisimama. Ikiwa 0, kila "tik" hutimizwa hata kama inachelewa.

Ukisoma gurudumu kwa mlango wa printa, weka `x4-mode` 0 ili kila "tik" ihesabiwe mara moja, na `encoder.update-counters` iwe kwenye uzi wa kasi (kazi ya programu inayorudiwa haraka zaidi). Mizunguko 5 kwa sekunde ni mabadiliko 2000, na uzi wa 1 kHz utayakosa.

Randa_na_Msumeno
Mpango mpya: gurudumu la mipigo 100, ESP32 ndani, MAX3485, kebo ya waya 8 ya 24 AWG, dharura ya NC mbili kwenye relei, kitufe cha kuruhusu cha nafasi tatu, hatua 0.01/0.1/1. Kabla ya kufunga sanduku nipime nini?

fundi_umeme
Ongeza kwanza ujumbe wa uhai kila milisekunde 50. Programu ya upande wa kompyuta ikikosa kwa 200, itume 0x85 yenyewe. Halafu, kisu kikiwa kimetolewa na spindo ikizunguka kwa kasi ya kazi, weka alama kwenye gurudumu, zungusha mara 10 mbele na 10 nyuma. Hesabu ifike 1000 na irudi 0 kamili. Ikibaki hata 1, tafuta wavu au ethi kabla ya jambo lingine. Kisha chomoa plagi mashine ikiwa inatembea: kontakta lazima idondoke. Rudia ukitenganisha njia moja tu ya dharura, kisha ile nyingine.