Kwa nini watumishi wa afya hufikiria kuacha kazi wakati wa janga?

Chumbageni_Afya: Wakuu, habari za humu. Tunaandaa mpango wa dharura wa kituo cha afya hapa Tanga. UVIKO-19 ilionyesha kwamba mlipuko ukikolea, hata manesi na matabibu hodari huanza kuulizia uhamisho au kuandika barua za kuacha kazi. Ukiondoa woga wa kuugua, kinachowasukuma ni nini, na kipi kiwekwe sawa mapema?

BiSubira: Ndugu yangu, woga wenyewe usiuondoe upesi. WHO ilikadiria kuwa watumishi wa afya kama 115,500 walikufa kwa UVIKO-19 kati ya Januari 2020 na Mei 2021. Ila wengi huogopa zaidi kupeleka ugonjwa nyumbani, kwa watoto na wazee wanaolala nao chumba kimoja. Tengeni bafu na mahali pa kubadilishia nguo, sare zifuliwe kituoni zisiende nyumbani. Na usafiri wa zamu ya usiku muupange, maana bodaboda wengine humkwepa mwenye sare.

Mfamasia_Pongwe: Vifaa kinga vihesabuni kwa zamu, si kwa mwezi. Wodi yenye watumishi 4 kwa zamu, zamu 3, kila mmoja akibadili barakoa mara 2, ni barakoa 24 kwa siku, 168 kwa wiki. Kwa joto la pwani ongezeni: barakoa ikilowa jasho haifai tena. Hatari kubwa iko kwenye kuvua, mtu akiwa hoi. Glavu na gauni kwanza, kisha miwani, barakoa mwisho ukiwa nje ya chumba, na mikono itakaswe kila hatua. Awepo mwenzake wa kumtazama.

Chumbageni_Afya: Ahsanteni sana. Na upande wa posho na zamu?

Mzee_wa_Wodi: Posho ikichelewa bila maelezo inauma, lakini kuna linaloumiza zaidi. Mtungi wa oksijeni wa lita 6,800, mgonjwa akipewa lita 10 kwa dakika, unaisha kwa takriban saa 11 na dakika 20. Akihitaji 15, haumalizi hata saa 8. Kwa hiyo unaisha usiku, na nesi yuko peke yake na wagonjwa wawili. Kumwachia yeye aamue nani akose ni kumvunja moyo kabisa, na huyo ndiye anayeandika barua asubuhi. Uamuzi huo uwe wa mganga mfawidhi na wenzake, kwa vigezo vilivyoandikwa mapema, na namba ya simu ya kupiga usiku ibandikwe ukutani.

Kuhusu zamu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki. Dharura inaweza kulazimisha zaidi, lakini saa ya ziada bado hulipwa mara moja na nusu. Andikeni kila saa kwenye daftari la zamu, mtumishi atie saini, na jina la atakayeziba pengo la mtumishi akiugua liwe tayari kwenye ratiba.