Wiki 30 kuanzia Ijumaa 12 Julai zinaangukia tarehe gani? Msaada wa haraka wakuu

Mwana wa Gungu (mleta uzi)
Wakuu habari za jioni. Niko Kigoma mjini. Swali langu dogo tu: ukianza Ijumaa tarehe 12 Julai 2024 ukahesabu wiki 30 mbele, unafika tarehe ngapi? Nimehesabu kwa kidole kwenye kalenda ya ukutani mara tatu, kila mara jibu jipya, na kalenda yenyewe inaishia Desemba. Kuna uamuzi mkubwa unaitegemea hiyo tarehe. Naomba msiniulize mengi.

Bomba Mbili
Rahisi mkuu. Mwezi una wiki 4. Thelathini gawa kwa nne, miezi saba na nusu. Weka 27 Februari hivi.

Hesabu Hailali
Hapana. Mwezi wenye wiki nne kamili ni Februari ya siku 28 peke yake. Wiki 30 ni siku 210. Siku ya kuanzia usiihesabu, kesho yake ndiyo moja. Julai unapata 19, Agosti ikiisha una 50, Septemba 80, Oktoba 111, Novemba 141, Desemba 172, Januari 203. Bado saba: 7 Februari 2025. Na kujihakiki ni hivi, ukihesabu kwa wiki siku haibadiliki. Umeanza Ijumaa, lazima uishie Ijumaa. Ukiangukia Jumatano, rudia.

Mzee wa Ujiji
Kijana, kama ni deni, sikiliza. Zamani nilichukua nyavu kwa mkopo, nilipe baada ya wiki kumi na mbili. Mimi nikajihesabia miezi mitatu. Nikaenda hela iko mfukoni, nikaambiwa nimepitisha siku nane na nyavu kapewa mwingine. Nyavu mpya zile, hata hazijapata harufu ya dagaa. Mpaka leo nikipita mwalo wa Kibirizi nazikumbuka. Andikishaneni tarehe, wiki zina utata.

Mama Wawili
Mzee wangu shikamoo, ila huyu hana deni. Mimba ni wiki arobaini, toa thelathini ni kumi. Hiyo ni mimba ya wiki kumi. Kaka, sema yote, usitufanye tukuhesabie gizani.

Mwana wa Gungu
Basi, dada. Ni mke wangu. Ijumaa alikwenda kliniki, kadi imeandikwa wiki 10. Nikahesabu kurudi nyuma, nikafika 3 Mei. Tarehe 3 Mei mimi niko kambi ya dagaa kusini huko, upande wa Kalya, tangu Machi. Serikali ilipofunga ziwa Tanganyika tusivue, 15 Mei, ndipo tukavunja kambi. Nimeingia nyumbani Ijumaa tarehe 17, usiku. Halafu kadi inasema atajifungua 10 Februari, nanyi mnaniambia 7. Kwa hiyo tarehe zimepikwa. Sijamgombeza, sijanyanyua mkono. Nimemkatia tu tiketi ya treni aende kwao Kaliua akapumzike mpaka nijue moja. Siyo kumfukuza, naomba nieleweke.

Mama Wawili
Tiketi umeshakata ndipo unaomba ushauri? Mwanamke umemwacha miezi miwili na nusu, umerudi na kalenda badala ya kumuuliza mwenyewe.

Kijiti
Mimi naona hii ni chai. Kajiunga juzi, uzi wake wa kwanza. Tarehe 3, tarehe 17, tarehe 12, zote Ijumaa, kama mtihani wa darasa la sita. Na ziwa lilifungwa 15, hizo siku mbili alikuwa anavua nini?

Bomba Mbili
Kumbe! Weka picha ya kadi mkuu.

Karabai
Picha ya kadi ya mke wa mtu ya nini? Na anayeuliza siku mbili hajawahi kuvunja kambi. Unakunja nyavu, unafungua taa na betri, unasubiri dagaa wa mwisho wakauke kwenye mchanga, wakilowa safarini umepoteza. Halafu utafute boti yenye nafasi, siku ambayo kila kambi inahama. Kufika tarehe 17 aliwahi.

Nesi wa Zamu
Achaneni na chai, kuna mama mjamzito hapa. Mwana wa Gungu, tazama kadi palipoandikwa hedhi ya mwisho. Wiki za mimba tunazianzia siku ya kwanza ya hedhi, siku ambayo mimba haipo kabisa. Kwa mzunguko wa siku 28 inatunga siku ya 14 hivi. 3 Mei ongeza 14, unapata 17 Mei. Usiku ule ulioingia nyumbani.
Kuhusu 10 Februari: arobaini kamili ni siku 280, zinafika 7. Sisi kliniki tunafupisha, tunaongeza siku saba na miezi tisa: 3 inakuwa 10, Mei inakuwa Februari. Miezi hailingani urefu, ndiyo maana zimepishana siku tatu. Hakuna aliyepika. Na mtoto mwenyewe haji kwa miadi, wiki 37 mpaka 42 zote tunamtarajia.

Mwana wa Gungu
Nesi, kadi ninayo hapa mezani. Wino wa bluu, 3/5/24, kwenye mstari wa hedhi. Nilikuwa nasoma namba tu. Lakini kama mzunguko wake si wa siku 28?

Nesi wa Zamu
Basi itasogea siku chache mbele au nyuma. Muulize yeye, anaujua kuliko sisi. Hesabu uliyoleta hapa haimshtaki. Na kipimo cha picha kikifanywa mapema kinakadiria vizuri, ila nacho husoma wiki kwa mtindo huohuo, usije ukashtuka tena.

Kijiti
Nimesoma maelezo ya nesi mara mbili. Naondoa neno langu.

Mwana wa Gungu
Tangu jana ananiuliza kwa nini begi lake nimelitoa uvunguni. Nilimjibu nasafisha. Nimelirudisha sasa hivi, ameniangalia bila kusema kitu. Sijui naanzia wapi.
Karabai, ziwa litafunguliwa Agosti nami narudi kusini. Februari hiyo tutakuwa kwenye giza la kuvulia?

Karabai
Mbalamwezi ya mwezi huu ni tarehe 21. Ongeza miezi saba ya angani, siku 29 na nusu kila mmoja, unafika 12 au 13 Februari. Hiyo wiki mwezi unawaka, dagaa hawaji kwenye taa, mitumbwi imelala mchangani. Mwambie utakuwa nyumbani.