Nilimwambia bibi "sorry", sasa naulizwa nilimfanya nini. Naombeni ushauri

Mlezi_Ugenini:
Wakuu habari za jioni. Kuna jambo linaninyima usingizi, na keshokutwa natakiwa kukabidhi maelezo ya maandishi kazini.

Nipo Uingereza, mwaka wa pili huu, nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Jumamosi nilikuwa ukumbini nakunja mataulo. Bibi mmoja wa miaka 80 na kitu alikuwa anapita na kigari chake cha kutembelea, akajigonga kiwiko kwenye mlango. Mimi nilikuwa hatua kama sita kutoka alipo. Kabla hata sijafikiri, mdomo umeshatoa: "Sorry, sorry! I'm so sorry!" Nikatupa taulo, nikamkimbilia, nikamkalisha, nikamwita nesi. Alichubuka kidogo tu.

Sasa binti yake alikuwa ndiyo anaingia. Hakuona kilichotokea, alisikia sauti yangu. Jumatatu malalamiko yakaletwa kwamba mfanyakazi aliomba msamaha mara tatu, kwa hiyo anajua alichofanya. Meneja akaniita, akaniuliza kwa upole kabisa: kama hukumgusa, ulikuwa unaomba msamaha wa nini? Nikakosa la kusema. Mimi nilikuwa nampa pole!

Naombeni mnisaidie. Niandike nini, na siku nyingine niseme neno gani? Yule bibi nampenda, siwezi kumwona anaumia nikanyamaza.

Wa_Eastlands:
Pole sana dada. Huku Nairobi ni hivyo hivyo, mtu akijikwaa barabarani "sorry" ya kwanza inatoka kwa asiyemjua kabisa. Mimi ningeandika kwamba sikusema kitu. Neno lake dhidi ya lako.

Nesi_wa_Leeds:
Dada, usifuate hilo hata kidogo. Umelisema, na nesi uliyemwita huenda alilisikia. Ukikana neno dogo kama hilo, hata ukweli wako mkubwa hautaaminika.

Wala huna haja ya kukana. Hapa England na Wales kuna sheria ya fidia ya mwaka 2006, Compensation Act, kifungu cha 2. Inasema kuomba radhi peke yake hakuhesabiki kuwa umekiri uzembe. Hata taasisi inayoshughulikia madai dhidi ya NHS, yaani huduma ya afya ya umma, ina kipeperushi kinachoitwa "Saying Sorry", kinachowahimiza wahudumu waseme neno hilo, kwa maana kulisema si kukubali kosa. Na hapa England, tangu kanuni ya 20 ya mwaka 2014 ya watoa huduma za afya na matunzo, mtu akidhurika vibaya mikononi mwa mtoa huduma, mtoa huduma analazimika kumweleza ukweli na kumwomba radhi. Mchubuko wako haufiki huko, nakutajia ili ujue kwamba neno lenyewe halikufungi.

Andika ulichokiona kwa mpangilio: saa ngapi, ulikuwa umesimama wapi, mikono yako ilikuwa inafanya nini, bibi aligonga wapi, ulisema nini neno kwa neno, ulimwita nani. Hakikisha kinalingana na kilichoandikwa kwenye kitabu cha ajali siku ile. Kama ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi, wapigie kabla hujakabidhi. Na ubaki na nakala.

Mwalimu_wa_Zamani:
Binti yangu, pole. Nimefundisha Kiingereza sekondari miaka mingi, na neno hili niliwahi kulifundisha vibaya. Niliandika ubaoni "sorry" ni samahani, nikafuta, nikaendelea na somo. Ndiyo maana nakujibu kwa kirefu.

Sisi tuna maneno mawili yaliyoachana kabisa. Samahani inatoka kwa aliyekosa. Pole inatoka kwa yeyote mwenye moyo, awe amekosa au la. Tunampa pole aliyefiwa, aliyetoka safarini, hata aliye shambani na jembe lake. Mwingereza hana kabisa neno la "pole na kazi". Akiwa na "sorry" anabeba nalo samahani, na pole ya msiba, na "umesemaje?" asiposikia, na "nipishe" kwenye basi, na "hapana" ya adabu duka likifungwa. Akisema Jumanne huku alitaka Jumatano, anajirekebisha kwa "sorry" hilohilo. Ukilitia mbele ya jina, "a sorry state", linakuwa hali mbovu ya kusikitisha. Na "you'll be sorry" ni utajuta.

Hata hivyo ulichosema si Kiingereza kibovu. Neno hili ni la zamani sana, lilikuwa "sarig" katika Kiingereza cha kale, na shina lake ni maumivu. Ni ndugu wa "sore", kidonda kinachouma. Halikutokana na "sorrow", ingawa yanafanana kama mapacha. Kwa hiyo aliyesema "sorry" zamani alikuwa anasema: nimeumia. Ndicho ulichokisema Jumamosi.

Tofauti utaiona kwenye jibu. Kwetu ukipewa pole unajibu "nimeshapoa". Mwingereza ukimpa "sorry" naye hakukuona umekosa, anajibu "it's not your fault". Yaani anakuondolea lawama ambayo wewe hukuwa nayo akilini. Binti wa bibi alilisikia kwa sikio hilo.

Siku nyingine lipe neno hilo mkia. "I'm sorry you're hurt" ni pole, kwa sababu anayetajwa ni yeye. "I'm sorry I..." ni samahani, unajitaja mwenyewe. Likiachwa peke yake, msikilizaji ndiye anayelimalizia, na mlangoni pale lilimaliziwa vibaya. Mtu akijigonga, wao wenyewe husema "Oh dear! Are you all right?" Ukisema hivyo kwa sauti yako ileile, huruma itafika. Ila "I feel sorry for you" usimwambie mzee. Hiyo ni kumwonea huruma, na wengi huona umewashusha.

"I apologise" iweke mbali. Hilo ni la kukiri tu, halina pole ndani yake hata tone.

Wa_Eastlands:
Nafuta ushauri wangu, Nesi yuko sahihi. Mwalimu asante, na mimi nilifundishwa samahani tu.

Mlezi_Ugenini:
Mwalimu, nimesoma hapo kwenye "nimeumia" nikalia. Nesi, Mungu akubariki, nimeshapiga simu chama, watanisikiliza kesho mchana.

Nimeandika rasimu. Nimeweka saa, mataulo, hatua sita, kiwiko, jina la nesi. Halafu nimeeleza kwamba kwa Kiswahili tuna neno la kumpa mtu anayeumia ambalo si la kuomba msamaha, na kwamba ninapolitafuta kwa Kiingereza ninachokipata ni "sorry". Mwisho nimeandika: "I apologise if her daughter misunderstood me." Iko sawa?

Mwalimu_wa_Zamani:
Yote sawa isipokuwa hiyo ya mwisho. "I apologise" inakurudisha kizimbani ulikokwisha kutoka, na "if she misunderstood" inamtupia yule binti kosa wakati alikuwa na hofu ya mama yake. Andika: "I was sorry to see her hurt." Hapo "to see" inaeleza ulikuwa mtazamaji, na "sorry" inabaki kuwa pole.

Nesi_wa_Leeds:
Naunga mkono. Weka tarehe na sahihi kila ukurasa.

Mlezi_Ugenini:
Nimebadilisha, nimeisoma kwa sauti mara mbili. Sasa ndiyo nilichokisema. Naingia zamu saa moja na nusu, chumba cha bibi ni cha kwanza kwenye orodha yangu.