Nimeuziwa chakula cha mzio miezi minne, kumbe mbwa ana viroboto! Madokta wa mifugo, tuwaamini vipi?

Wakuu, habari zenu. Naandika nikiwa na hasira, na hasira yenyewe ina sababu. Someni mpaka mwisho kabla ya kunishambulia.

Mbwa wangu ni jike, ana miaka sita. Alianza kujikuna, na si kujikuna kwa kawaida. Anageuka anajitafuna pale mkia unapoanzia, usiku kucha, mpaka manyoya yakanyonyoka na ngozi ikabaki nyekundu, ina unyevunyevu. Nikampeleka kliniki. Dokta akamchungulia masikio, akamminya tumbo, basi. Hakumpekua manyoya wala hakumgusa pale penye kidonda. Dakika kumi hazikufika. "Huu ni mzio wa chakula," akasema, akageuka kwenye rafu iliyo nyuma yake na kushusha mfuko.

Kilikuwa chakula cha tiba, kile ambacho protini yake imevunjwavunjwa vipande vidogo sana ili kinga ya mwili isiitambue. Nikaelezwa hivyo na nikaelewa. Ila sikuulizwa mbwa anakula nini nyumbani, wala anapewa vitafunio gani, wala amewahi kuoshwa na dawa gani. Nikaambiwa tu: "Mpe hiki, kikiisha urudi."

Nikarudi. Nikarudi tena. Miezi minne nabeba mifuko, na kila nikisema bado anajikuna, jibu ni lile lile: mpe muda, chakula hakifanyi kazi kwa siku moja.

Mwishowe dada yangu akachoka kumwona vile akanipeleka kwa dokta mwingine, mama mtu mzima. Maswali yake ya kwanza hayakuhusu chakula. Alimlaza mbwa, akachukua kitana chenye meno yaliyobanana, akachana kutoka mgongoni kwenda mkiani mara tatu, kisha akakigonga juu ya pamba nyeupe aliyoilowesha maji. Zikadondoka punje nyeusi, ndogo kama vumbi la mkaa. Mimi nikadhani ni uchafu wa kawaida. "Subiri, mwanangu," akasema. Baada ya muda punje zikaanza kuyeyuka, na kila moja ikajizungushia duara jekundu la rangi ya kutu. "Hiyo ni damu ya mbwa wako. Kiroboto ameinywa, hiki ni kinyesi chake."

Nilishindwa kusema kitu.

Akanieleza kwamba kuna mbwa wenye mzio wa mate ya kiroboto. Hao hawahitaji kujaa viroboto, wachache tu wanatosha kuwawasha wiki nzima, na mahali wanapoumia zaidi ni hapo hapo, kiunoni na kwenye shina la mkia. Yaani kidonda chenyewe kilikuwa kinaonyesha pa kutazama.

Kisha akaniuliza swali lililoniuma kuliko yote: "Ulipopewa kile chakula, ulikuwa unampa kitu kingine?" Ndiyo, dokta. Biskuti zake kila jioni. Hakuna aliyenikataza. Akatikisa kichwa. Kumbe mzio wa chakula hautambuliwi kwa kumtazama mbwa machoni. Unampa chakula kimoja tu, si chini ya wiki nane, bila biskuti, bila mabaki ya mezani, hata vidonge vyenye ladha ya nyama vinaharibu kipimo. Akipata nafuu, unamrudishia chakula chake cha zamani uone kama kuwashwa kunarudi. Hapo ndipo unasema ni mzio. Kwa hiyo hata kama mbwa wangu angekuwa na mzio wa chakula kweli, kipimo chetu kiliharibika tangu jioni ya kwanza, na dokta wa kwanza aliendelea kuniuzia mifuko bila kuuliza swali hilo moja.

Sasa nije kwenye kinachonichoma. Aliyenipima ndiye aliyeniuzia. Mwamba ngoma ngozi huvutia kwake, hilo tunalijua tangu utotoni, lakini kwa dokta tunalisahau kwa sababu amevaa koti jeupe na mnyama wetu anaumwa. Nilipoanza kufuatilia nikakuta mambo ni makubwa kuliko rafu ya kliniki moja. Chukua kampuni kubwa za chakula cha mbwa na paka: Royal Canin ni mali ya Mars, ile kampuni ya chokoleti. Mars hiyo hiyo inamiliki huko Marekani minyororo ya hospitali za wanyama, Banfield na VCA, na hiyo VCA waliinunua mwaka 2017 kwa takriban dola bilioni 9, pamoja na maabara zake za kupima damu. Hospitali, maabara na mfuko wa chakula, mwenye mali mmoja! Hill's ni ya Colgate-Palmolive, watu wa dawa ya meno. Purina ni ya Nestlé. Na kampuni hizi ndizo zinazodhamini makongamano ya madaktari na sehemu ya mafunzo yao ya lishe. Sisemi kila dokta amenunuliwa. Nasema mteja hajawahi kuambiwa.

Halafu kuna hili neno "chakula cha kuandikiwa na daktari". Mwaka 2016 wateja Marekani walizishtaki kampuni hizi mahakamani wakidai vyakula hivyo havina dawa yoyote ndani na hakuna sheria inayolazimisha cheti cha daktari, ila cheti kinapandisha bei. Kesi ilitupwa, kisha mwaka 2020 mahakama ya rufaa ikairudisha isikilizwe. Kurudishwa si kushinda, najua. Lakini mimi niliponunua ule mfuko niliamini kabisa nimeandikiwa dawa.

Na kabla hamjaniambia kwamba vya kliniki angalau ni salama: Januari 2019 Hill's waliita makopo ya chakula cha mbwa yarudishwe, ya tiba yakiwemo, kwa sababu vitamini D ilikuwa imezidi mno, na vitamini D ikizidi inaharibu figo. Mbwa mgonjwa anapewa kopo kwa ajili ya kumponya, na kopo lenyewe lina sumu.

Pamoja na hasira zote hizi, lazima niseme ukweli wote. Miaka mitatu iliyopita paka wangu dume alishindwa kukojoa. Anaingia kwenye sanduku lake la mchanga, anachuchumaa, analia, hakitoki kitu. Alizibuliwa, mkojo ukapimwa, ikaonekana ni mawe ya kibofu ya aina iitwayo struviti, akaandikiwa chakula cha tiba cha mkojo. Mawe yakayeyuka. Picha ya kibofu ilionyesha hivyo, niliiona mwenyewe. Dokta yule alinieleza pia kwamba yangekuwa mawe ya kalsiamu oksaleti, chakula kisingeyayeyusha. Alipima kwanza, akaandika baadaye. Paka yuko hai.

Na vyakula vya figo navyo si porojo. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2000: paka wenye figo mbovu waliokula chakula chenye fosforasi na protini pungufu waliishi muda wa kati wa siku 633, na wale ambao wenyewe au wenye nao walikikataa, siku 264. Makundi hayakupangwa kwa kura, kwa hiyo tofauti yote si lazima itokane na chakula, lakini ni tofauti ya kumfanya mtu mwenye paka mgonjwa asikilize.

Ndiyo maana wale watakaokuja hapa kuniambia "achana na madokta, mpikie mwenyewe" au "nunua kisicho na nafaka", nawaomba mpoe kidogo. Huko ni kuruka majivu na kukanyaga moto. Mpaka mwaka 1987 paka walikuwa wanakufa kwa moyo kutanuka huku wanakula vyakula vya dukani vilivyotimiza viwango vya wakati ule, na watafiti wa mifugo ndio waliogundua kwamba taurini, kirutubisho ambacho moyo wa paka unakihitaji, haitoshi. Chakula kikabadilishwa, vifo vile vikapungua sana. Mimi jikoni kwangu ningeligundua vipi hilo? Na hivyo visivyo na nafaka, mwaka 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza kuchunguza taarifa za mbwa kupata ugonjwa wa moyo wakila vyakula vyenye mbaazi na dengu nyingi. Mwisho wa 2022 wakasema ushahidi haujatosha kuthibitisha kwamba chakula ndicho chanzo. Anayewauzia mfuko wa "asilia" mtandaoni naye ana rafu yake.

Kuna jambo moja zaidi, na nadhani ndilo linaloonyesha ugonjwa wenyewe uko wapi. Purina walilea mbwa 48 aina ya Labrador maisha yao yote, nusu yao wakipewa robo pungufu ya chakula walichopewa wenzao. Matokeo yalitoka 2002: waliopunguziwa waliishi karibu miaka miwili zaidi. Utafiti wa kampuni ya chakula, na somo lake ni kwamba mpunguzie mbwa chakula. Mbwa wangu amezidi uzito, yule mama aliniambia siku ile ile baada ya kumpapasa mbavu na kuzikosa. Dokta wa kwanza alimpima kwenye mizani mara nne akaandika namba mara nne. Hakuna siku aliyoniambia nipunguze bakuli. Ushauri huo hauna mfuko wa kushushwa rafuni.

Mbwa ametibiwa viroboto, nyumba imesafishwa, vitambaa vyake vimefuliwa kwa maji ya moto. Wiki ya tano sasa amerudi kwenye chakula chake cha zamani, kipimo kidogo, na manyoya yameanza kuota. Jana usiku alilala mpaka asubuhi.

Madokta mliomo humu, naomba mnijibu bila kuzunguka. Mnapata kiasi gani kwa kila mfuko mnaotuandikia? Kwa nini msituambie pale pale mezani, kabla hatujatoa pesa? Na ile kazi ya kitana na pamba, inayochukua dakika mbili, mnaianza lini, kabla ya mfuko au baada ya mfuko wa nne?

Na nyie wengine wenye mbwa na paka: mara ya mwisho mlipouziwa chakula kliniki, mliulizwa maswali mangapi? Andikeni hapa chini.