Dume wa wapiti anajibu mlio lakini hasogei, nifanyeje?

Mgeni_Missoula: Wadau, nawinda wapiti (kulungu wakubwa wa Amerika Kaskazini) kwa upinde, magharibi mwa jimbo la Montana, Marekani. Septemba hii nikipiga mlio wa kuwaiga alfajiri, dume anajibu, anakuja mpaka kama mita 80, anachungulia, anageuka. Nipige mlio gani?

MzeeWaPori: Punguza mlio wa dume. Mwenye majike akisikia mpinzani yuko mbali, anawaswaga wake zake na kuhama. Piga wa jike: mfupi, unaanza juu unashuka. Miwili tu, kisha nyamaza. Vunja vijiti pia, kundi halitembei kimya.

MamaNeema: Dawa ya pilipili ya kumpulizia dubu akikushambulia ikae kiunoni, si ndani ya begi. Mlio wa jike unaita dubu pia.

Kaka_Boise: Mko wangapi, na unapigia nini?

Mgeni_Missoula: Kifaa cha kawaida tu.

Kaka_Boise: Kipi?

Mgeni_Missoula: Simu na spika ndogo. Niko peke yangu. Spika nimeshanunua, na sauti ni ya wapiti halisi, sasa tatizo liko wapi?

MzeeWaPori: Liko kwenye sheria. Montana hairuhusu kuwinda wapiti kwa sauti za kurekodi. Zima hiyo spika leo.

FundiUpinde: Huu uzi wa kutunga. Dume gani anadanganywa na spika kila alfajiri?

Mgeni_Missoula: Sijasema ni yule yule. Wa mwisho alikuwa na tope jeusi shingoni mpaka ubavuni, harufu ya mkojo ikanifikia kabla sijamwona.

FundiUpinde: Hapo nimekuelewa. Madume hujigaragaza na kujikojolea msimu wa kupandana.

Kaka_Boise: Na kama harufu yake ilikufikia, upepo ulikuwa sawa. Kinachomsimamisha ni macho: amefika mahali anapotegemea kumwona jike, haoni kitu. Mkiwa wawili, mpiga mlio akae mita 50 nyuma ya mwenye upinde. Peke yako, pigia nyuma ya kigongo cha ardhi, ili akichungulia awe tayari ndani ya mita 30. Ukishapiga, sogea upande upepo unakoelekea, maana atazunguka kunusa. Jua likipasha mteremko, hewa iliyokuwa ikishuka inaanza kupanda, hama mapema.

Mgeni_Missoula: Kifaa cha kupiga mlio kwa mdomo si kinachukua muda kujifunza? Leseni nimeshalipia.

MzeeWaPori: Anza na cha kung'ata: ng'ata kwa nguvu, puliza, legeza taratibu sauti ishuke. Unakishika kwa mkono, kwa hiyo kiweke chini kabla hujavuta upinde. Cha utando wa mpira kinakaa kwenye kaakaa, ulimi unabonyeza. Hewa ikivuja pembeni, punguza kingo kwa mkasi kidogo kidogo.