Mke wangu yuko mgomoni, kaenda Tanga, mtaa umetugeuka

Jamani wa Malindi, naomba ushauri. Mke wangu ni muuguzi wa serikali, wamegoma. Juzi alivuka mpaka wa Lunga Lunga hadi Tanga, Tanzania, kununua kanga za kuuza, maana mshahara hauingii na karo haingoji. Picha yake akiwa na mafurushi pale Horohoro, upande wa pili wa mpaka, imesambaa kwa WhatsApp. Sasa ni matusi: wagonjwa wanateseka, nyinyi mwajinunulia nguo! Mama mmoja, mjukuu wake alirudishwa mlangoni pa hospitali, aliangua kilio mbele ya duka langu. Huyo sikuwa na la kumjibu. Kugoma ni haki, Kifungu cha 41 cha Katiba ya Kenya ya 2010 chasema. Lakini mzigo huu tuuuze hapa, tuupeleke mji jirani wa Mambrui, au tuufiche mpaka mgomo uishe?