Koti la manyoya ya bata linachoma: nikate mikono au nichomoe manyoya?

Abiria_wa_Rongai: Habari mafundi. Koti ni la mtumba kutoka Gikomba, lebo inasema 90% manyoya laini ya bata. Asubuhi ya Julai ni sawa, lakini ikifika saa nne ni jasho tupu. Nataka livalike juu ya shati na chini ya koti la mvua. Cherehani ni ya nyumbani, sina ovaloku (mashine ya kufunga kingo za kitambaa).

Fundi_Zipu: Kata mikono, uvae kizibao. Joto la mwili linashikwa na hewa inayonaswa na manyoya yaliyofumuka. Ukichomoa nusu, yaliyobaki yanateremka chini ya kila chumba (kimfuko cha manyoya kati ya mishono ya koti), juu panabaki nailoni mbili zinazogusana, na baridi inapita hapo hapo.

Mkasi uje mwisho, la sivyo nyumba nzima itajaa manyoya. Kwa sabuni kavu, chora mstari wa kukatia sm 2 kutoka mshono wa bega, upande wa mkono. Sukuma manyoya kwa vidole yatoke hapo. Shikiza kwa vibanio vya kuanikia nguo. Pini huacha matundu yasiyozibika. Kisha shona mara mbili, sm 1 na sm 1.5 kutoka mshono wa bega: sindano mpya namba 70, uzi wa polista, mshono wa milimita 2.5. Ukiufanya mfupi zaidi, matundu yanakaribiana na nailoni inachanika kama stempu. Sasa kata. Funika ukingo kwa utepe wa mshazari (ukanda wa kitambaa uliokatwa kimshazari), ukunje ndani na uushikize kwa mkono kwenye bitana tu, sindano isitokee nje.

Bitana_na_Uzi: Naafiki, ila kuchomoa si kosa ikiwa vyumba ni vyembamba, sm 5 hivi, maana manyoya hayana pa kuteremkia. Fumua sm 4 za bitana katika kila chumba, nyunyiza maji kidogo manyoya yashikane, toa kwa mkono uweke kwenye foronya. Madirisha yafungwe! Usizidi theluthi, na upime kwa mizani ya jikoni kushoto na kulia vilingane. Kazi ya kuchosha, kusema kweli.

Abiria_wa_Rongai: Asanteni. Nimejaribu mkono mmoja, manyoya machache yanachungulia kwenye mshono. Niyang'oe? Na pasi je?

Fundi_Zipu: Usiyang'oe. Kila unyoya unaotoka unavuta mwenzake na kupanua tundu. Finya kitambaa upande wa bitana, uurudishe ndani. Yakija mengi, sindano ni butu au nene. Badilisha kabla ya mkono wa pili. Pasi weka mbali, nailoni inayeyuka.

Bitana_na_Uzi: Mikono uliyokata usiitupe. Likitoboka siku moja, kiraka cha rangi ile ile hutakipata dukani.